Kilio cha Nyumba ya Mjane

Mke wangu alikufa mwezi wa pili, kwenye kiti cha plastiki cha hospitali, akingoja kuitwa. Mwezi wa kumi nikaambiwa analia.

Aliyeniambia ni binti yetu, Darlène. Nilikuwa nimetoka shifti kule kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege, nimekaa jikoni na viatu vya kazi miguuni, namtazama anavyoosha sahani. Sahani zenyewe zilikuwa safi. Darlène akiosha sahani safi, ujue ana neno.

“Papa, mwanzo wa mwezi nilienda kwenye Halloween na watu wa kazini.”

“Halloween ya wapi?”

“Kule kule. Alikokuwa anafanya kazi Mama.”

Akafunga bomba.

“Nimemsikia, Papa.”

“Umemsikia nani?”

“Mama. Yuko mle ndani bado. Analia.”

Darlène anaelewa Kiswahili, cha jikoni na cha kanisani, lakini mdomo wake umezoea Kiingereza na ndivyo anavyonijibu siku zote. Hapa namwandika kwa Kiswahili kwa sababu anayeandika ni mimi, na mimi darasa langu liliishia la nne, kule Baraka, kwetu kando ya ziwa, kabla vita havijala shule pamoja na walimu wake.

Mahali penyewe ni bustani ya michezo, kaskazini ya mji, kubwa kama kata nzima. Kiangazi watu hupandishwa kwenye vitreni vinavyopinduka juu angani, wanapiga kelele, wanashuka, wanapanga foleni tena. Ukifika mwezi wa kumi wakubwa wa pale wanaigeuza yote kuwa makaburi. Wanapuliza moshi, wanatundika mifupa, wanajenga nyumba za kutisha zenye vichochoro vya giza. Unaingia huku, hujui utatokea wapi, na kila kona kuna mtu amepakwa damu ya rangi anakurukia. Watu wanalipa kiingilio ili watishwe. Nafikiri kama hujawahi kukimbizwa, kukimbizwa ni mchezo.

Mke wangu, Épiphanie, aliajiriwa pale kushona na kufua nguo za hao wa kutisha. Alikuwa analetewa shati jipya, lina karatasi yake ya dukani bado, anaambiwa alichane, alipake tope, lifanane na la maiti. Siku ya kwanza alirudi nyumbani akajitupa kwenye kochi.

“Baba Darlène, hawa watu wangenipigia simu mapema. Ningewatunzia zile nguo tulizokimbilia nazo.”

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Moja ya nyumba hizo inaitwa Nyumba ya Mjane. Mwisho wake kuna chumba cha kulala, na msichana mmoja alikuwa anawekwa pale, avae nguo nyeusi, alie. Msichana wa watu alikuwa analia kama paka aliyefungiwa nje. Siku moja Épiphanie alikuwa anampima gauni, ana pini mdomoni, akashindwa kujizuia, akacheka. Mkubwa wa siku zile akamuuliza, unacheka nini? Akasema kwetu hatulii hivyo. Akaambiwa, basi lia wewe tusikie.

Akatoa pini mdomoni. Akaweka mikono kichwani. Akalia.

Wenzake waliniambia siku ya mazishi kwamba cherehani zote zilisimama. Kesho yake wakamfungia kwenye chumba cha vipaza sauti wakamrekodi. Tangu hapo yule msichana akawa anafungua mdomo tu, na sauti inayotoka ukutani ni ya mke wangu.

“Leo nimelipwa kulia,” aliniambia akipakua ugali.

“Umemlilia nani?”

“Nimelia tu. Kula.”

Nikala.

Sasa, kwetu kilio kina kazi yake na kina mwisho wake. Mama anayelia msiba anamwita marehemu kwa jina, anamuuliza maswali, anamweleza yaliyobaki nyuma. Akishusha sauti, waliokaa wanamwitikia: “Ee, tumesikia.” Asipoitikiwa, amelia bure, na yule aliyelala hajui kama ameliliwa. Halafu siku inafika, matanga yanaondolewa. Watu wanakula, wanaambiwa basi, tumemaliza, asilie mtu tena. Anayelia baada ya hapo anaita kifo kingine. Matanga ya Épiphanie tuliyaondoa mwezi wa nane kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Pasta Hyacinthe akaomba sala ndefu ya kuchosha, maana naye ni mkubwa kwa namna yake, tukala wali na sombe ya majani ya muhogo, tukakunja viti. Nikafuta macho nikasema imetosha.

Kumbe wakati tunakunja viti, mwenyewe bado wamemweka kwenye kisanduku, wanangoja msimu wao wamfungulie alie.

“Wazime,” nikamwambia Darlène.

“Hapana, Papa.”

“Umeona wapi maiti inajililia? Hiyo ni laana wanatuwekea. Mama yako hatapumzika.”

“Ile ndiyo sauti pekee tuliyobaki nayo! Simu yangu iliyokuwa na sauti zake iliharibika, unajua. Mimi nimenunua tiketi ya msimu. Naenda kila nikitoka kazini. Nasimama pale chumbani mpaka wanifukuze, natoka, napanga foleni tena.”

Sikujua. Nilidhani anachelewa kwa ajili ya mvulana, na nilikuwa nimejiandaa kumgombeza kuhusu huyo mvulana.

“Na anasema nini?” nikamuuliza.

“Sielewi yote. Watu wanapiga mayowe, kuna mlango unabamizwa. Na Kiswahili chake pale si hiki chetu cha jikoni. Nilijaribu kurekodi kwa simu, yakatoka mayowe tu.”

“Watu wanakula bisi wanamcheka mama yako, na wewe unapanga foleni.”

“Hawamcheki. Wanamwogopa.”

“Ndiyo afadhali hiyo?”

Akarudi kwenye sahani zake.

Mimi na wakubwa hatujawahi kusikilizana. Nimewapangia foleni maisha yangu yote: wakubwa wa kambi, wakubwa wa ndege, wakubwa wa makaratasi, wakubwa wa ghala. Siku ile hospitalini Épiphanie alikuwa ameshika kifua, amelowa jasho, na nje kuna theluji. Nikamwendea yule wa dirishani. Akasema kaa chini, bwana, mtaitwa. Nikamwendea tena. Kaa chini, bwana. Walipokuja kuita jina lake, aliyeitika ni mimi.

Kwa hiyo nilipokwenda kule bustanini mchana mmoja, Darlène akiwa mkalimani wangu, nilikwenda na ugomvi wangu umeshapikwa. Mkubwa wa nyumba za kutisha wa sasa alikuwa mwanamke kijana wa Kihindi, jina lake Zahira, amejifunga hijabu, ana redio ya upepo kiunoni. Akasimama nilipoingia.

“Shikamoo, Mzee.”

Ugomvi ukanikwama kooni. Nikaitika marahaba, ningefanyaje? Bibi yake alizaliwa Tanga, siku hizi wanaishi huku huku, Thornhill, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha vyakula. Mengine Darlène akatafsiri.

Nikamwambia yote. Kwamba mke wangu amekufa, matanga yameondolewa, na wao wanamliza kila jioni kama redio. Nikamwambia waizime sauti ile, waifute, isibaki hata tone, wasije wakaiuza kwenye sinema. Najua Darlène alitafsiri sawasawa kwa sababu alikuwa analia akitafsiri. Mwishoni akaongeza maneno yake mwenyewe. Nikamuuliza umesema nini?

“Nimeomba nakala. Moja tu, ya kwangu.”

“Sauti ya msiba haiwekwi mfukoni, Darlène. Mwambie hapana.”

Zahira akatutazama wote wawili. Akasema na wao wana vilio vyao, bibi yake mwezi wa Muharram hulia mpaka sauti inakauka. “Kama ningemsikia bibi yangu mle ndani, na watu wanakimbia…” Akasema ataongea na walio juu yake.

“Wote husema hivyo,” nikamwambia Darlène. “Hilo usitafsiri.”

Akatafsiri. Zahira akacheka kidogo, akasema Mzee ana haki.

Sikutegemea kitu. Lakini Zahira akatupigia simu. Walio juu yake wamekubali, akasema, tena wanasheria wao wametaka ikifutwa ifutwe kabisa, kila mahali, lisibaki la kuleta lawama baadaye. Tatizo lilikuwa moja. Kwenye kile kisanduku cha nyuma ya ukuta kuna sauti nyingi za wanawake, nyingine za kununuliwa, zimechanganywa, hazina majina, na fundi hajui ipi ni ipi. Basi Mzee aje Jumamosi wakifungua tu, kabla watu hawajajaa. Apite kama mgeni mpaka chumba cha mwisho. Fundi atamwona kwenye kamera na atapiga sauti moja moja. Mzee akisikia ya mkewe, ainue mikono, ifutwe papo hapo. Yote miwili, kwa sababu mle ndani ni giza.

Jumamosi Darlène aliniendesha kutoka Rexdale, tunakoishi. Alipoegesha gari hakuzima injini.

“Papa. Ukimsikia, usiinue mikono hapo hapo. Msikilize mpaka mwisho kwanza. Mimi sijawahi kumsikiliza na mtu anayeelewa.”

“Nitamsikiliza.”

“Mpaka mwisho.”

“Nimesema nitamsikiliza, mama.”

Jua lilikuwa bado lipo. Mlangoni pa Nyumba ya Mjane palikuwa na vijana wachache, wanasukumana, na baba mmoja mwenye ndoo ya bisi. Zahira akatuonyesha njia, yeye akabaki nje na redio yake. Tukaingia, mimi mbele, Darlène ameshika koti langu nyuma kama alivyokuwa akifanya utotoni kwenye foleni ya mgao.

Moshi unanuka sukari iliyoungua. Kichochoro cha kwanza, mtu mwenye kichwa cha nguruwe akaniruka na msumeno unaonguruma. Nikamwambia habari za jioni. Akabaki ameuinua msumeno wake, hajui aendelee au aache. Kichochoro cha pili wametengeneza hospitali. Vitanda vimelowa rangi nyekundu, na madaktari wenye visu wanakimbia huku na huku wakipiga kelele. Nikasimama kidogo. Hawa angalau walikuwa wanakimbia.

Halafu chumba cha mwisho.

Kitanda cheusi, kioo kilichopasuka, na msichana wa nguo nyeusi amekaa kwenye kiti, ushungi usoni. Wale vijana na yule wa bisi wakatufikia nyuma, tukabanana. Ukutani ukaanza upepo. Kisha bibi mmoja wa kununuliwa akacheka kicheko chake cha kizungu. Msichana akafungua mdomo.

Na Épiphanie akalia.

Nilikuwa nimejiambia nitakuwa tayari. Mtu hawi tayari. Ilikuwa sauti yake yenyewe, na ile mikwaruzo yake ya asubuhi, kama amesimama nyuma ya pazia na nikilivuta nitamwona. Nikasikia sauti kwanza, maneno baadaye.

“Carmel wee! Carmel mwanangu! Umelala wapi bila mkeka, mama? Nani amekufunika?”

Lazima niwaambie Carmel ni nani, maana hata Darlène pale nyuma yangu alikuwa hajui.

Carmel ndiye mtoto wetu wa kwanza. Tulivuka naye ziwa tukikimbia vita, akiwa ameanza kuota meno ya pili, anapenda kuimba jina lake mwenyewe. Pale tulipopokelewa, upande wa pili, kipindupindu kilikuwa kimeshatangulia kupokelewa. Kilimchukua kati ya asubuhi na mchana. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya maji. Niliporudi na ndoo, wakubwa wa kambi walikuwa wameshapita na mabomba yao ya dawa, wamemfunga kwenye plastiki, wamempeleka kwenye shimo la pamoja na chokaa juu. Shimo lipi, hawakusema. Na wakakataza matanga. Hakuna kukusanyika, hakuna kukaa chini na wenzako, hakuna kulia, kilio kinaleta watu na watu wanaleta ugonjwa. Askari mwenye fimbo alisimama mbele ya turubai letu kuhakikisha. Épiphanie alifumba mdomo wake kwa kiganja, hivi, na nadhani hakukiondoa tena. Jina lile halikutajwa nyumbani kwetu. Hatukuwahi kukaa tukakubaliana hivyo. Darlène akazaliwa miaka baadaye, akakua, tukapanda ndege, tukapewa nyumba, na jina halikutajwa.

Kule walimkataza kulia. Huku wakamwajiri alie. Na yeye, walipomwambia lia tusikie, hakuigiza. Alikuwa na kilio chake tayari, kimekaa.

“Walisema nisilie, Carmel. Nimenyamaza. Nimenyamaza mpaka sauti imeoza ndani. Sasa nalia, mwanangu, nalia kwa watu nisiowajua. Sema uko wapi nije nikufunike!”

Akashusha sauti. Pale ndipo watu wanapoitikia.

Hakuna aliyeitikia. Misimu miwili amelia mle ndani, jioni baada ya jioni, akishusha sauti pale pale na kungoja, na jibu lake ni mlango kubamizwa na watoto wa watu kupiga mayowe.

“Ee, tumesikia!” nikasema.

Yule wa bisi akacheka, akamwambia mwenzake kitu, kwamba huyu mzee ni mwigizaji mzuri. Msichana wa nguo nyeusi akainua ushungi anitazame. Darlène akanivuta koti. Épiphanie akapandisha tena.

“Carmel wee!”

“Ee, Mama Carmel, tumesikia!”

Huwezi kuitikia msiba na mikono mfukoni. Hakuna mtu wa kwetu anayeweza. Mikono ilikwenda yenyewe ilikozoea. Nikaiweka yote miwili kichwani.

“Carm…”

Kimya. Halafu upepo. Upepo wa kununuliwa, ule ule wa mwanzo.

Nilichelewa kuelewa. Niliutazama ukuta kama mtu aliyefungiwa mlango usoni. Nikapiga kelele, “Bado! Bado! Sijainua!” Nani pale angeelewa? Nikaupiga ukuta kwa viganja, ni wa mbao nyepesi tu, ikatikisika nyumba nzima. Vijana wakakimbia. Yule mwenye kichwa cha nguruwe akaja mbio, akakivua, ndani yake kuna mwanaume mwenye upara na miwani iliyoingia ukungu. Akanishika kiwiko taratibu, anarudia neno moja, bwana, bwana, na akatutoa nje kwenye mwanga.

Zahira alikuwa anatungoja, anatabasamu kwa woga, kama mtu aliyeleta zawadi.

“Tayari, Mzee. Imefutwa.”

“Irudishe.”

Akamgeukia Darlène.

“Mwambie airudishe! Hajamaliza! Mama yako hajamaliza!”

“Papa, uliinua mikono.”

“Sikuinua! Niliiweka kichwani! Mtu akilia unaweka mikono kichwani, wewe hujui? Nimekufundisha nini mimi?”

Darlène akamwambia Zahira. Nikaona uso wa yule binti ukibadilika, maana na yeye amekaa kwenye vilio, anajua mikono inakwenda wapi. Akachukua redio, akazungumza, akasikiliza. Akazungumza tena kwa haraka zaidi. Akaishusha.

Makao makuu walikuwa wamefuta nakala zao asubuhi, za wanawake wote, bila kuchagua. Hii ya chumbani ndiyo ilikuwa ya mwisho. Fundi alifanya kama alivyoagizwa: mikono juu, futa, kabisa.

“Pole, Mzee,” alisema, kwa Kiswahili chake hicho hicho kidogo. “Pole sana. Pole.”

Nilitaka kumtukana, sikupata tusi. Maisha yangu yote nimewaomba wakubwa. Niliomba maji, nikaomba dawa, nikaomba kuonyeshwa shimo. Nikaomba daktari, mmoja tu, aje atazame kiti kile. Hawakunisikia. Siku hii moja wamenisikia, tena wamenisikia kabla sijasema. Hata wakikusikiliza, hawakuulizi mara ya pili kama ndivyo ulivyotaka. Safari moja wanakuacha ufe, safari nyingine wanakutimizia kabla hujamaliza.

Tukarudi kwenye gari. Treni zao zilikuwa zimeanza kuwaka taa, watu wanapinduliwa juu angani wanapiga kelele. Darlène akakaa mbele ya usukani bila kuwasha.

“Papa, Carmel ni nani?”

“Kumbe jina umelisikia.”

“Kila mara. Ndilo neno la kwanza. Nilidhani ni mtu wa kwao Mama, wa zamani, labda bibi. Nilitaka kukuuliza, lakini ulikuwa na hasira.”

“Ni dada yako.”

Nikamwambia. Nikamwambia foleni ya maji, na plastiki, na chokaa, na yule mwenye fimbo, na kiganja cha mama yake mdomoni. Sikuwahi kuyasema hayo kwa mpangilio. Nilikuwa naanza huku, narudi kule. Alisikiliza akitazama mbele, kwenye kioo cha gari, na mashavu yamelowa, na hakuniuliza kwa nini hatukumwambia. Ningekuwa yeye ningeuliza.

“Na mimi nimeizima,” nikasema. “Hata mwisho sijausikia. Alikuwa anamwambia nini mwishoni, sijui.”

Akafuta mashavu. Halafu akasema, “Mimi najua.”

“Unajua nini?”

“Mwisho. Ninaujua wote, Papa. Maana yake ndiyo sikuwa naijua. Nimesimama pale mara nyingi mno.”

Akatoa mikono kwenye usukani. Akaitazama, kama anaionea haya. Kisha akaiweka kichwani, akalia.

Haikuwa sauti ya mama yake. Darlène ana sauti nyembamba, ya huku, na ulimi wake unayapinda maneno mahali pasipopindwa. Lakini mapito yalikuwa yale yale, pale pa kupanda na pale pa kushuka. Umelala wapi bila mkeka, mama. Nani amekufunika. Walisema nisilie. Kila aliposhusha sauti aliningoja, na mimi nikaitikia, na aliposikia ninaitikia akawa anashika nguvu. Tukafika pale walipokata. Carmel wee. Akapita.

“Carmel wee, usiogope. Baba yako ameenda kukuletea maji. Akirudi, nitamwambia umelala.”

Hapo aliingia kilio chake mwenyewe, maneno yakaisha. Nami sikuwa tena kwenye gari. Nilikuwa nimerudi na ndoo, niko mbele ya turubai, na Épiphanie ananitazama juu ya kiganja chake, na hasemi. Alikuwa anataka kuniambia hilo. Amelibeba bahari yote, amelibeba kwenye fleti ya Rexdale, akipakua ugali, kula, nimelia tu. Akaenda kuliambia ukuta.

Mtu akagonga dirisha. Alikuwa mlinzi mwenye koti la njano, anatuonyesha kwa tochi kwamba pale tulipoegesha ni pa wafanyakazi, tuondoke. Akagonga tena.

Nikamwinulia kiganja: angoje. Kwenye gari kulikuwa na msiba.

“Rudia,” nikamwambia Darlène. “Anzia jina.”

Akaanza. Nikaweka mikono kichwani.

“Ee,” nikasema, “tumesikia.”